Carl Koller, daktari wa macho aliyetuletea sindano ya ganzi

Kama umepangiwa upasuaji wa matundu madogo kwa ajili ya uvimbe kwenye ovari, mimba iliyotunga nje ya kizazi, mirija iliyoziba au kufunga kizazi, kuna sindano moja ambayo huenda utachomwa bila kujua, kwa kuwa utakuwa umelala. Daktari anaingiza dawa ya ganzi kwenye ngozi na nyama pembeni mwa kila tundu, ili ukiamka usikutane na maumivu yote kwa mkupuo. Wagonjwa wengi huniuliza kuhusu nusu kaputi: nitaamka kweli, nitaongea maneno ya ajabu? Wachache sana huuliza kuhusu ganzi hii. Wiki hii nitakusimulia maisha ya mtu aliyeiingiza kwenye chumba cha upasuaji, kisha tutarudi kwenye tumbo lako.

Jina lake ni Carl Koller, na alikuwa daktari wa macho. Usishangae kwamba habari ya tumbo la mwanamke inaanzia kwenye jicho. Utaona inavyofika.

Koller alizaliwa Desemba 1857 katika mji mdogo wa Bohemia ulioitwa Schüttenhofen, ambao leo unaitwa Sušice na uko Jamhuri ya Czech. Wakati huo sehemu zote hizo zilikuwa chini ya himaya ya Austria. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Likumbuke hilo, maana litamgharimu huko mbele. Alisomea udaktari Vienna, mji ambao madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiukimbilia kwenda kujifunza, akahitimu mwaka 1882. Baada ya hapo akawa daktari mdogo katika Hospitali Kuu ya Vienna, wale wanaolala hospitalini na kuamshwa usiku, kazi nyingi na mfuko mtupu.

Ndoto yake ilikuwa moja tu: kupata nafasi ya msaidizi katika kliniki ya macho. Nafasi hizo zilikuwa chache na wanaozitaka walikuwa wengi, tena wengine wana majina makubwa na ndugu wenye vyeo. Kijana asiye na mtu wa kumshika mkono alipaswa kuja na jambo jipya. Koller akachagua tatizo lililokuwa linawaumiza kichwa madaktari wote wa macho.

Tatizo lenyewe ni hili. Nusu kaputi ilikwishapatikana tangu miaka ya 1840, kwanza kwa etha, kisha kwa klorofomu. Mgonjwa wa mguu au wa titi aliweza kulazwa usingizi akakatwa bila kuhisi. Lakini kwa jicho mambo yalikuwa tofauti. Daktari alimhitaji mgonjwa awe macho, aambiwe tazama juu, tazama chini. Kibaya zaidi, mtu akiamka kutoka kwenye etha au klorofomu hutapika sana, na nguvu ya kutapika iliweza kufumua kidonda cha jicho na kuharibu kila kitu. Kwa hiyo mtoto wa jicho alitolewa hivihivi, mgonjwa akiwa na akili zake timamu, ameshikwa kichwa, anaona kisu kinavyokuja. Mimi nimefanya kazi ya upasuaji kwa miaka mingi na bado nikilifikiria hilo mwili unanisisimka.

Koller alianza kutafuta dawa ya kudondoshea jichoni itakayoua maumivu mahali pale pale, mgonjwa akiwa macho. Alijaribu mofini kwa wanyama. Akajaribu klorali, akajaribu bromaidi. Hakuna iliyofanya kazi. Akaweka jambo hilo kando, lakini halikumtoka kichwani.

Mpaka hapa inabidi tuvuke bahari kidogo. Katika milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, watu wametafuna majani ya mkoka kwa karne nyingi ili kuvumilia njaa, baridi na uchovu. Mwaka 1860 mkemia wa Ujerumani, Albert Niemann, alitenga kutoka kwenye majani hayo kiini tunachokiita kokeini. Alipoionja aliandika kwamba ulimi unakufa ganzi. Kwa miaka 24 waliofuata waliigusa dawa hiyo kwa ulimi, wakahisi ganzi ile ile, wakaiandika kama kituko kidogo na kuendelea na mambo yao. Yupo hata mtafiti mmoja, Vasili von Anrep, aliyejidunga chini ya ngozi mwaka 1880, akaona ngozi haihisi sindano, akapendekeza kwamba siku moja huenda ikafaa kwa matibabu. Hakuna aliyeshika kisu.

Mwaka 1884 daktari mwingine mdogo wa hospitali ile ile ya Vienna aliipenda kokeini kupita kiasi. Ni Sigmund Freud, huyo huyo ambaye baadaye alikuja kuwa maarufu kwa mambo ya nafsi na ndoto. Wakati huo alikuwa bado hajulikani, anatafuta pesa ya kuolea. Freud aliamini kokeini itatibu uchovu, huzuni na hata uraibu wa mofini, na Julai mwaka huo alichapisha andiko refu la kuisifia. Alimwomba rafiki yake Koller washirikiane kupima kama dawa hiyo inaongeza nguvu za misuli. Wakawa wanaimeza wenyewe na kujipima.

Kiangazi hicho Freud aliondoka Vienna kwenda kumwona mchumba wake aliyekuwa mbali, kaskazini mwa Ujerumani. Koller akabaki. Siku moja alimwonjesha mwenzake mmoja kokeini kidogo, na mwenzake huyo akasema jinsi inavyotia ulimi ganzi. Koller alikwishasikia maneno hayo kwa wengine pia. Ila safari hii yaligonga mahali palipokuwa tayari pamechimbwa. Mtu huyu alikuwa ametafuta dawa ya ganzi ya jicho akaikosa, na kumbe alikuwa akitembea nayo mfukoni.

Alikwenda moja kwa moja kwenye maabara ya Profesa Stricker, akamkuta msaidizi aitwaye Gustav Gaertner. Wakayeyusha chembe za dawa ndani ya maji, wakamshika chura, wakamdondoshea jicho moja. Baada ya kama dakika moja waligusa jicho lile, kisha wakalikwaruza taratibu. Chura ametulia tuli. Walipogusa jicho la pili, lisilotiwa dawa, aliruka. Wakarudia kwa sungura na mbwa, majibu yakawa yale yale. Halafu wakafanya jambo ambalo leo kamati ya maadili isingeliruhusu kwa urahisi: walijidondoshea wenyewe. Walisimama mbele ya kioo, kila mmoja na pini mkononi, wakagusa mboni zao kwa kichwa cha pini. Hakuna aliyehisi kitu.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Septemba 1884, na ndani ya siku chache Koller alikwishaitumia kwa wagonjwa. Mkutano wa madaktari wa macho ulikuwa unafanyika Heidelberg, Ujerumani, tarehe 15 ya mwezi huo. Koller hakuwa na nauli. Naomba msomaji wangu ulisome tena sentensi hiyo. Ugunduzi uliokuja kubadilisha upasuaji wa dunia nzima ulisomwa na mtu mwingine, Dk Josef Brettauer kutoka Trieste, kwa sababu mwenye ugunduzi hakuwa na pesa ya treni. Waliokuwepo walionyeshwa kwa mgonjwa jinsi jicho linavyoguswa bila mtu kukunja uso, na habari zikasambaa kwa kasi. Oktoba hiyo hiyo madaktari wa New York walikuwa wakisoma habari zake. Tarehe 17 Oktoba Koller mwenyewe alisimama mbele ya Chama cha Madaktari wa Vienna kueleza kazi yake.

Freud aliporudi alikuta rafiki yake ni mtu mashuhuri. Daktari mwingine wa macho, Leopold Königstein, naye alikuwa ameijaribu kokeini jichoni na nusura adai kuwa wa kwanza. Ni Freud na mwenzake mmoja waliomshawishi ampe Koller haki yake. Huo ulikuwa uungwana. Miaka 40 baadaye Freud aliandika, nusu kwa utani, kwamba ile safari ya kwa mchumba ndiyo iliyomkosesha umaarufu wa ujanani.

Tusimame kidogo nikueleze dawa hii inafanya nini, kwa sababu ndicho kinachofanyika tumboni kwako pia. Mshipa wa fahamu hupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo kwa mfano wa umeme mdogo. Ili umeme huo usafiri, chembe za sodiamu lazima ziingie ndani ya mshipa kupitia vilango vidogo sana. Dawa ya ganzi huziba vilango hivyo. Kidonda kipo, kisu kimepita, lakini habari haifiki. Dawa ikiisha nguvu vilango hufunguka tena, na habari inafika. Ganzi haiponyeshi kidonda wala haichelewi milele. Inakununulia saa kadhaa.

Madaktari hawakuishia kwenye jicho. Miezi michache baada ya Koller, huko New York, daktari wa upasuaji William Halsted alianza kudunga kokeini kandokando ya mishipa mikubwa ya fahamu, akaweza kutia ganzi taya au mkono mzima. Mtindo wa kudunga ganzi kwenye mishipa ya ukuta wa tumbo, ambao baadhi ya hospitali zetu hutumia baada ya upasuaji wa kizazi, ni kitukuu cha kazi hiyo. Lakini Halsted na wenzake walijaribishia dawa miilini mwao, na hawakujua wanashika moto. Halsted akawa mraibu. Alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili, akapewa mofini badala yake, na uraibu haukumwacha maisha yake yote. Rafiki mmoja wa Freud aliyepewa kokeini ili aache mofini aliharibikiwa kabisa. Kuna wagonjwa waliokufa mezani kwa kupewa dozi kubwa. Hata kwenye jicho, kokeini ilikausha na kuharibu konea.

Hapa ndipo mama mmoja akisoma gazeti hili atajiuliza: kumbe sindano ya ganzi ni dawa ya kulevya? Hapana. Wakemia walichukua umbo la kokeini wakalivunjavunja kutafuta sehemu inayotia ganzi bila ile inayolevya. Mjerumani Alfred Einhorn alitengeneza prokeini mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1943, Nils Löfgren akiwa Stockholm, Sweden, alitengeneza lidokeini, na mwenzake kijana Bengt Lundqvist akajidunga mwenyewe kuipima. Mwaka 1957 ikapatikana bupivakeini, pia kutoka Sweden. Lidokeini na bupivakeini ndizo utakazochomwa. Hazimfanyi mtu awe teja. Kinyume chake, kazi yake mojawapo ni kupunguza kiasi cha dawa za jamii ya mofini utakachohitaji ukiamka, ambazo huleta kichefuchefu, kuwashwa, usingizi mzito na choo kigumu.

Tumrudie Koller. Ungetegemea baada ya haya apewe ile nafasi aliyoitaka. Haikuwa hivyo.

Januari 1885 akiwa zamu, aliletwa mgonjwa mwenye jeraha la kidole. Kidole kilikuwa kimefungwa mpira kwa kukazwa sana, damu haipiti. Koller aliona kikiachwa hivyo kitakufa, akaulegeza. Daktari mwenzake, Fritz Zinner, aliyetaka mgonjwa apelekwe wodi ya profesa wake, hakupenda kuingiliwa. Wakabishana. Zinner akamtukana mbele ya watu, tusi la kumdhalilisha kwa Uyahudi wake. Koller akamzaba kofi.

Wote wawili walikuwa maofisa wa akiba wa jeshi, na kwa desturi za huko mambo kama hayo yalimalizwa kwa mapanga, ingawa sheria ilikataza. Wakapigana. Zinner alijeruhiwa kichwani na mkononi, Koller akatoka bila mkwaruzo. Vijana wengi wa Kiyahudi wa Vienna walimshangilia, barua za pongezi zikamiminika. Ila milango ya hospitali ikazidi kumfungia. Chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa nene katika taasisi zile, na sasa walikuwa na kisingizio. Kwangu mimi sehemu hii ya maisha yake inaniuma kuliko ile ya nauli. Nauli ni umaskini, mtu anaweza kuushinda. Na chanzo cha yote ni kwamba alilegeza bandeji iliyokuwa inaua kidole cha mgonjwa, jambo ambalo daktari yeyote alipaswa kulifanya.

Mwaka huo huo aliondoka Vienna akiwa amechoka na kuugua moyo. Alikaa Utrecht, Uholanzi, kwa walimu wakubwa wa macho, Donders na Snellen. Huyo Snellen ndiye mwenye lile bango la herufi kubwa na ndogo unalosomeshwa ukienda kupimwa miwani. Mwaka 1888 Koller alivuka bahari kwenda New York. Akafungua chumba chake cha matibabu, akafanya kazi katika hospitali ya Mount Sinai, akaoa mwaka 1893 na kupata watoto wawili. Mwaka 1922 madaktari wa macho wa Marekani walimtunukia nishani yao ya heshima. Tuzo ya Nobel hakuipata. Alikuwa hapendi kusimulia habari za ujana wake. Sehemu kubwa ya tunayoyajua yametoka kwa binti yake, aliyekusanya barua na karatasi baada ya baba kufariki. Freud naye alilazimika kuikimbia Vienna mwaka 1938, mzee na mgonjwa, Wanazi walipoingia. Koller alifariki New York Machi 1944, akiwa na miaka 86.

Sasa tumbo lako. Upasuaji wa matundu madogo ulikuzwa sana na madaktari wa wanawake, kama vile Raoul Palmer aliyekuwa Paris miaka ya 1940. Tumbo linajazwa gesi ya kabonidayoksaidi ili lifunguke kama hema, kamera inaingia karibu na kitovu, vifaa vinaingia kwenye matundu mengine mawili au matatu ya nusu sentimita hadi sentimita moja hivi. Kwa kuwa matundu ni madogo, mwanamke huambiwa avumilie. Husemwa na manesi, husemwa na mume, wakati mwingine husemwa na mama mkwe: wewe umezaa watoto wanne, vitundu hivyo ndivyo vya kukulaza? Sikubaliani na maneno hayo hata kidogo. Mwanamke anayeumwa hapumui vizuri, hainuki kitandani, hatembei, na kulala tu baada ya upasuaji kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Maumivu hayampi mtu medali.

Hata hivyo nikuambie ukweli kuhusu uwezo wa ganzi. Maumivu baada ya upasuaji huu huja kutoka sehemu tatu tofauti. Ya kwanza ni ngozi na misuli palipotobolewa; hapo sindano ya ganzi inasaidia. Ya pili ni ndani, mahali uvimbe ulipotolewa au mrija ulipokatwa. Hapo baadhi ya madaktari humwagia dawa ya ganzi ndani ya tumbo kabla ya kufunga, na inapunguza maumivu katika saa za mwanzo, sita hivi, si siku nzima. Ya tatu ndiyo inayowashangaza watu: bega. Mgonjwa ametobolewa tumbo, analia bega, hasa la kulia. Gesi iliyobaki husumbua ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mshipa wake wa fahamu unatoka shingoni pamoja na mishipa ya bega, kwa hiyo ubongo unadanganyika. Ganzi ya kwenye matundu haifiki huko. Kinachosaidia ni daktari kuitoa gesi vizuri kabla ya kufunga, wewe kuinuka na kutembea mapema, na dawa za kawaida za maumivu. Huisha kwa siku moja hadi tatu.

Kwa hiyo ganzi peke yake haitoshi, na usidanganywe kwamba ukishachomwa basi hutahitaji kidonge. Lidokeini hudumu saa moja au mbili hivi. Bupivakeini inaweza kufika saa nne mpaka nane. Ukifanyiwa upasuaji saa nne asubuhi ukaruhusiwa jioni, utaondoka hospitali ukitabasamu, na maumivu yatakukuta kitandani usiku, duka la dawa limefungwa. Kunywa dawa kabla ganzi haijaisha. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, parasetamo ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Daktari akiona inafaa ataongeza ibuprofeni pamoja na chakula. Mwambie kama una vidonda vya tumbo, figo, pumu au ujauzito. Angalia pia dawa za mafua, nyingi zina parasetamo ndani yake, unaweza ukazidisha bila kujua.

Wazazi, nanyi. Binti wa miaka 11 anaweza kupata uvimbe wa ovari uliojisokota na kuhitaji upasuaji huu wa haraka. Kwake kila dawa inapimwa kwa uzito. Wengi wetu tunashika kipimo cha bupivakeini kisichozidi miligramu 2 kwa kila kilo. Mama wa kilo 60 hapaswi kupita miligramu 120, ambazo ni mililita 24 za dawa ya nguvu ya asilimia 0.5. Mtoto wa kilo 30 ni nusu yake, mililita 12, na hizo ni kwa matundu yote pamoja na ya ndani ya tumbo kama ipo. Ndiyo sababu mnapandishwa kwenye mizani kabla ya upasuaji. Msikadirie, na msiseme uzito wa mwaka jana.

Dozi ikizidi, au ikiingia kwenye mshipa wa damu, mtu aliye macho huhisi ganzi mdomoni na ladha kama ya chuma, masikio yanavuma, anapata kizunguzungu, na ikizidi hupata degedege na moyo kupoteza mpigo. Aliyelala usingizi hawezi kusema, kwa hiyo mtaalamu wa usingizi hutazama mapigo ya moyo kwenye mashine wakati wote, na ipo dawa ya mafuta maalumu inayodungwa kwenye mshipa kuokoa hali. Ni tukio la nadra. Wewe unachoweza kufanya ni kusema mapema kama una ugonjwa wa moyo au ini, na kama uliwahi kupata shida ulipochomwa ganzi kwa daktari wa meno. Eleza hasa kilichotokea. Moyo kwenda mbio dakika chache mara nyingi ni ile adrenalini inayochanganywa na ganzi. Kuvimba uso, vipele mwili mzima na kubanwa pumzi ni mzio, na hapo dawa itabadilishwa.

Siku ya kuonana na daktari kabla ya upasuaji muulize maswali mawili: utaniwekea ganzi kwenye matundu, na nyumbani nitakunywa dawa gani, kuanzia saa ngapi? Hayo si maswali ya kumkosea heshima. Kama hospitali haina bupivakeini, lidokeini ipo karibu kila mahali, na muda mfupi wa nafuu ni bora kuliko kutopata kabisa.

Maumivu baada ya upasuaji wa matundu madogo yanapaswa kupungua kila siku inayopita. Yakipanda badala ya kushuka, siku ya pili, ya tatu au hata ya nne, tumbo likawa gumu, likajaa, ukatapika, ukapata homa, ukashindwa kukojoa, ukavuja damu nyingi ukeni au ute wenye harufu mbaya, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, acha kuongeza vidonge. Inawezekana utumbo, kibofu au mshipa umeguswa wakati wa upasuaji. Rudi hospitali usiku huo huo, na uwaambie mapokezi tarehe uliyofanyiwa upasuaji kabla hata hujataja jina lako.